Daktari Yuko Jackson, Mgonjwa Yuko Delta

Jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, lina watu wapatao milioni tatu na hospitali kuu moja tu ya chuo kikuu, iliyoko Jackson, makao makuu ya jimbo. Ilifunguliwa mwaka 1955. Tarehe 11 Juni 1963 Daktari James Hardy alipandikiza hapo pafu la binadamu kwa mara ya kwanza duniani, na usiku wa kuamkia tarehe 12 akaletwa hapohapo Medgar Evers, kiongozi wa kupigania haki za watu weusi, akiwa amepigwa risasi ya mgongoni mbele ya nyumba yake. Alifia hospitalini. Historia ya hospitali hii kwangu inaanzia usiku huo. Ndani ya kuta kulikuwa na ujuzi wa kuushangaza ulimwengu, na nje ya kuta kulikuwa na watu wengi wasio na hakika kama wakifika watatendewa kama watu.

Mimi nilikwenda kwa ajili ya hao wa nje, tena walio mbali. Tangu mwaka 2003 hospitali hii imekuwa ikiwapeleka madaktari wake vijijini kwa njia ya skrini, na leo ni miongoni mwa vituo vya tiba mtandao vinavyotajwa mno nchini mwao. Nilitaka kuiona kazi hiyo kutoka upande wa pili wa waya, kule anakokaa mgonjwa. Nikakodi gari, nikashika barabara ya 49 kwenda kaskazini. Ilikuwa Oktoba, msimu wa kuvuna pamba.

Mpaka Yazoo City ni vilima, na miti iliyomezwa na kudzu, mmea utambaao ulioletwa kutoka Japani ukakataa kuondoka. Baada ya hapo barabara inateremka mara moja, na huoni tena kilima mpaka utoke jimboni. Hiyo ndiyo Delta. Wenyeji huiita hivyo tambarare iliyoko kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, ingawa bahari iko mbali sana kusini. Pamba iliyokwisha kuvunwa imeviringishwa marobota makubwa, yamefungwa plastiki ya waridi au ya njano na kupangwa kandokando ya mashamba. Karibu na Belzoni yanaanza mabwawa ya kambare, na mashine za kuchanganya maji na hewa zinazunguka mchana kutwa. Unapita kanisa, ghala, nyumba moja, kisha shamba tupu kwa dakika kumi kabla ya nyumba nyingine.

Watu hawaonekani shambani. Mashine moja inavuna eneo ambalo zamani lilihitaji vijiji vizima vya wachumaji, na ukilifikiria hilo utaelewa habari ya hospitali zao bila kufungua kitabu. Kazi zilipokwisha vijana walihama. Waliobaki ni wazee, wengi wao hawana bima ya maana, na wana kisukari na presha kuliko karibu sehemu yoyote ya Marekani. Hospitali ndogo ya vitanda ishirini na tano haiwezi kumlipa daktari bingwa wa dharura akeshe usiku kucha akisubiri ajali moja. Hospitali kadhaa zimefunga wodi za wazazi. Mjamzito wa Delta anaweza kuendeshwa saa nzima akiwa na uchungu.

Kwa hiyo mwaka 2003 Jackson walianza na idara za dharura za hospitali tatu za vijijini. Mpango ulikuwa rahisi kuueleza, na kadiri ninavyoufikiria ndivyo ninavyouheshimu. Hawakuanza na kamera. Walianza na wauguzi, wale wenye shahada ya juu wanaoruhusiwa kutibu na kuandika dawa. Waliwaita Jackson wakawafundisha tiba ya dharura, wakawarudisha kwenye hospitali zao, kisha ndipo wakawafungia skrini ukutani. Akiingia mtu mwenye maumivu ya kifua usiku wa manane, muuguzi anabonyeza, na daktari wa dharura wa Jackson anatokea. Anamwona mgonjwa, anausikia moyo wake, anasoma kipimo cha umeme wa moyo, na wanaamua pamoja. Mgonjwa wa kiharusi kinachotokana na damu kuganda kwenye mshipa wa ubongo ana saa nne na nusu tu za kuchomwa dawa ya kuyeyusha lile donge. Ukiziondoa saa za kuita gari na kumpeleka Jackson, huenda kisibaki kitu. Daktari anayeonekana ukutani anaweza kuagiza dawa ichomwe palepale, na safari ifuate baadaye.

Kliniki niliyokubaliwa kukaa siku nzima iko katika mji mdogo ambao muuguzi wake aliniomba nisiutaje, na nimeheshimu ombi lake. Ina vyumba vitatu vya kutibia, na kimoja kina mkokoteni wa magurudumu wenye skrini, kamera inayozunguka, na kikapu cha vifaa. Mgonjwa wa saa nne asubuhi alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, aliyetumia ujana wake kwenye pamba na utu uzima wake kwenye kiwanda cha kambare. Alikubali nikae kona. Kwenye skrini alikuwa daktari wa kisukari, kijana, nyuma yake rafu ya vitabu.

Walizungumza sukari. Vipimo vya wiki nzima vilikuwa mbele ya daktari, na kwa kweli havikuwa vibaya. Bibi alifurahi, akaanza kukusanya mkoba wake. Muuguzi akamwekea mkono begani.

“Bibi, leo tunavua na soksi.”

“Soksi za nini tena, mwanangu? Sukari si ameiona?”

“Ameiona. Miguu hajaiona.”

Daktari, huko Jackson, alinyamaza. Alijua wakati wa kunyamaza, na hilo ni sehemu ya ujuzi wake. Muuguzi alipiga magoti sakafuni, akavua soksi moja baada ya nyingine, taratibu, akiigeuza kila soksi nje ndani na kuitazama kama ina doa. Kisha akatoa kijiti chenye uzi wa nailoni, mgumu kiasi cha kupinda tu ukigusa ngozi. Akamwambia bibi afumbe macho.

“Hapa?” “Ndiyo.” “Hapa?” “Ndiyo.” “Hapa?”

Bibi alikuwa bado anasubiri kuguswa. Uzi ulikuwa umekwisha kupinda chini ya kidole chake kidogo.

Muuguzi alirudia mahali hapohapo mara nyingine, akapata jibu lilelile, kisha akautazama upande wa nje wa kidole. Palikuwa na sugu nyeusi, ndogo kama punje ya kunde. Alipoibonyeza ukingo ikatoa unyevu. Akavuta kamera ya mkono kutoka kikapuni na kuisogeza mpaka kidole kikaujaza ukuta. “Shusha taa kidogo,” alisema daktari. “Hapohapo. Asante.” Walizungumza kwa dakika tatu hivi. Dawa ya vijidudu ianze leo, picha ya mguu ipigwe wiki hii kwenye hospitali ya jirani, viatu vibadilishwe, na arudi kliniki baada ya siku chache kidonda kioshwe. Muuguzi hakuandika tu. Alijua mpwa wa bibi ana gari, na kwamba siku za kazi mpwa huyo hapatikani kabla ya saa tisa alasiri, hivyo akaomba picha ipangwe jioni. Katika kompyuta yote ya Jackson hakuna mahali pa kuandikwa jambo hilo.

Wakati daktari akieleza, bibi hakumtazama. Macho yake yalikuwa usoni kwa muuguzi. Skrini ilipozimwa aliuliza, “Amesema kweli?”

“Amesema kweli. Nami ningesema hivyohivyo.”

Ndipo akavaa soksi zake.

Swali lile lilinifuata mpaka Ruleville, mwendo mfupi kwa gari. Ruleville imo katika kaunti ya Sunflower, na ndiko alikozikwa Fannie Lou Hamer, mwanamke aliyefukuzwa shambani mwaka 1962 kwa kosa la kwenda kujiandikisha kupiga kura, na ambaye mwaka uliofuata alipigwa jela mjini Winona mpaka figo zake zikaharibika. Amelala kando ya mumewe katika bustani ya kumbukumbu, na sanamu yake imesimama hapo. Wageni wengi huja kwa habari za kura. Mimi nilisimama hapo nikifikiria mwaka 1961, alipokwenda kufanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe, na daktari mzungu akamwondoa kizazi bila kumwuliza. Hakuambiwa. Alikuja kujua baadaye. Yaliwapata wanawake weusi wengi wa Kusini, kiasi kwamba upasuaji huo wa wizi ulipewa jina la jimbo la Mississippi.

Bibi yule wa soksi alikuwa tayari mtu mwenye akili zake wakati huo. Akitokewa na sura ya daktari asiyemjua, kutoka Jackson, akimwambia cha kufanya na mwili wake, hana budi kumtazama mtu anayemjua. Wanaouza mitambo ya tiba mtandao huzungumza juu ya kasi ya mtandao na ubora wa picha, na vyote vinahitajika. Lakini kinachobeba neno la daktari likafika ni uso wa yule mwanamke aliyepiga magoti sakafuni. Ana historia na wagonjwa wake. Alimzika mama ya fulani, alimchanja mtoto wa fulani. Jackson inaazima heshima yake kila skrini inapowashwa, na sidhani kama bajeti yoyote inamlipa kwa kuiazimisha.

Ruleville hiyohiyo ndiyo iliyochaguliwa mwaka 2014 kwa mradi wa kisukari uliolifanya jina la hospitali ya Jackson kusikika mpaka bungeni Washington. Ulifanywa pamoja na hospitali ya mji huo, kampuni ya simu ya hapo jimboni na watengenezaji wa mitambo. Lengo lilikuwa wagonjwa 200. Kila mmoja alipewa kishikwambi chenye mtandao wake, akapima sukari, presha na uzito nyumbani, na vipimo vikaenda moja kwa moja Jackson. Kikitokea kipimo kibaya, simu inapigwa siku ileile. Wagonjwa 100 wa kwanza walikaa miezi sita bila hata mmoja kulazwa au kukimbizwa idara ya dharura kwa sababu ya kisukari, na matumizi yakapungua kwa zaidi ya dola 339,000.

Watu mia kwa miezi sita ni wachache, na mtu makini hatajenga sera ya nchi juu yao peke yao. Mimi navutiwa zaidi na lile neno dogo la “mtandao wake”. Sehemu kubwa ya Delta mtandao wa nyumbani haupo au bei yake haishikiki, na mradi haukumwambia mgonjwa aje na bando lake. Uliingia nyumbani na kifaa pamoja na njia. Miradi mingi niliyoiona inaruka hatua hiyo. Inatengeneza programu nzuri ya simu, inaizindua kwa ngoma, kisha inamshangaa mkulima mbona haitumii. Katika mji mmoja njiani niliwakuta watu wameegesha magari nje ya maktaba iliyokwisha kufungwa, kila mmoja na mwanga wa simu usoni. Mama mmoja alikuwa akizungumza na daktari wa mwanawe, mtoto amelala kiti cha nyuma. Mtandao wa maktaba unafika mpaka maegesho.

Fedha nazo zina hadithi yake, na nitaipita haraka. Mwaka 2013 jimbo lilipitisha sheria kwamba bima ilipe huduma ya skrini kama inavyolipa ya ana kwa ana, na bila sheria hiyo sidhani kama mengi niliyoyaona yangekuwepo. Mwaka 2017 serikali kuu iliitangaza hospitali ya Jackson, pamoja na chuo kikuu cha tiba cha South Carolina, kuwa kituo cha mfano cha tiba mtandao. Ilipokuja korona mwaka 2020, Washington ilifungua milango kwa wazee kutibiwa wakiwa nyumbani kwao, na tangu hapo ruhusa hiyo imekuwa ikiongezwa vipande vipande. Muuguzi wangu aliniambia kwamba hawezi kuajiri mtu kwa ruhusa ya miezi.

Kutoka Ruleville nilikata magharibi mpaka Cleveland, nikapanda barabara ya 61 hadi Mound Bayou, mji ulioanzishwa mwaka 1887 na watu waliokuwa watumwa. Nilikwenda kwa sababu hapo, mwaka 1967, chuo kikuu kilikwisha kufika kijijini bila skrini. Chuo chenyewe kilikuwa cha mbali kweli, Tufts cha Boston, na daktari aliyeongoza kazi hiyo ni Jack Geiger. Pamoja na John Hatch na watu wa mji walianzisha kituo cha afya cha kwanza cha aina yake katika Marekani ya vijijini. Kitu ninachotamani wasomaji wangu wakijue ni wapi Geiger aliupata mfano wa kituo hicho. Geiger alipokuwa mwanafunzi, katika miaka ya 1950, alikwenda Afrika Kusini kujifunza kwa Sidney na Emily Kark, madaktari mke na mume walioanzisha kituo cha afya Pholela, Natal, mwaka 1940, wakifanya kazi na wahudumu Wazulu waliowafundisha kutoka vijijini hukohuko. Mwendo wa kuuliza kwanza watu wanakula nini na wanachota maji wapi ulitoka Pholela ukafika Mound Bayou. Sisi Waafrika huambiwa kila siku kwamba maarifa ya afya ya vijijini yanatufuata kutoka kwao.

Kituo kilichimba visima na vyoo. Watoto walikuja wamedhoofu kwa njaa, na madaktari wakawaandikia chakula kwenye karatasi ya dawa. Maduka yakatoa maziwa, mboga na nyama, na hesabu ikalipwa na fungu la dawa. Wakubwa walipokuja juu, Geiger aliwajibu kwamba kwa anavyojua yeye, tiba ya njaa ni chakula. Baadaye wananchi walilima shamba lao la ushirika. Kituo kipo mpaka leo.

Nje ya kanisa moja nilimkuta mzee aliyekuwa kijana wakati wa visima vile na aliyebeba mabomba yake. Nikamwuliza kama naye anaonana na madaktari kwa simu. Alisema ndiyo, wa moyo, na anampenda, maana hamharakishi. “Ila anayenipigia kwanza ni binti wa kliniki. Ananiuliza kama nimekunywa dawa, na kama nimekula. Akishanikasirisha ndipo ananiunganisha.”

Akataka habari za kwetu. Nilimweleza juu ya shangazi yangu wa Newala, aliyesafiri na miguu iliyovimba, mchana kutwa ndani ya basi mpaka Dar es Salaam, akalala kwa ndugu, akapanga foleni tangu alfajiri katika hospitali kubwa ambayo sitaitaja, akaonana na bingwa kwa dakika zisizotosha kuchemsha chai. Bingwa alisoma cheti, akabadilisha dawa moja, akamwambia arudi baada ya miezi mitatu. Shangazi hakurudi. Nauli ilikuwa korosho za msimu.

“Na kijijini kwake kuna nani?” aliuliza mzee.

Nikamwambia kuna zahanati, na muuguzi mmoja anayemjua shangazi tangu yeye mwenyewe akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Ana simu yake ya mkononi na mnara wa mtandao unaonekana kutoka mlangoni. Cheti cha bingwa hakuwahi kuonyeshwa.

Mzee alitaka kujua kwa nini bingwa hakumpigia muuguzi huyo. Nikasema hakuna anayemlipa kwa kupiga, hakuna anayemlipa muuguzi kwa kupokea, na hakuna siku iliyotengwa. Akaomba kalamu. Tukakaa kwenye ngazi za kanisa tukaanza kupiga hesabu nyuma ya karatasi ya matangazo ya Jumapili: daktari mmoja, alasiri moja kwa wiki, zahanati kumi na mbili, muda wa maongezi, posho ya muuguzi, glukomita na vijiti vyake vya kupimia. Kila nilipotaja shilingi aliniambia niigeuze iwe dola. Jumla ilipotoka aliitazama, akaniuliza waziri wa afya wa kwetu anaitwa nani na anwani yake inaandikwaje.